Kuna Kitu Nyuma Yako

Enno fundi alishika kiuno, akalizunguka gari mara mbili.
"Wiebke, nitoboe hapa? Bampa hili?
Ni kumfunga bwana harusi jembe."
Nikamwambia, toboa.
Bwana harusi kafa tangu Machi,
na maua ya nyikani hayangoji mirathi.

Basi, Tjark, gari lako sasa lina tufe la chuma,
ukubwa wa chungwa dogo, limepakwa grisi,
na juu yake limekaa trela la mama,
lile lile la mbao, ulilonikataza
kuliegesha mbele ya ofisi yako ya mihuri.
"Wateja watadhani tunauza viazi."
Hatukuuza viazi. Wala hatukusemezana, miaka minne.

Nyuki huhamishwa usiku, unakumbuka,
wakisharudi wote, hadi mzembe wa mwisho.
Nimeziba milango kwa sifongo,
mizinga kumi na minne, nimeikaza mikanda
hadi mbao zikalia.
Kisha nimeketi kwenye ngozi yako rangi ya maziwa
na ovaroli yenye nta magotini.
Nisamehe. Au usinisamehe; kiti kinapasha mgongo moto
na mimi nina miaka sitini na tatu.

Wakati wa kutoka uani kinyumenyume, ndipo lilipoanza:
ti, ti, ti, ti, tiiii.
Gari lako lenye adabu za hoteli
linanionya kwa taa nyekundu:
kuna kitu nyuma yako.
Najua.
Kuna kitu nyuma yako, kiko karibu mno.
Najua, mpenzi, nimekifunga mwenyewe.

Trela halitii mkono. Ukitaka liende kushoto
zungusha kulia, kwa hila, kama unavyomnywesha mtoto dawa.
Mama alijua. Mama alilirudisha hili
katika uchochoro wa kanisa huku anamenya yai.

Barabara kuu, mwendo wa themanini.
Injini haisikii hata uzito, inanong'ona tu
kama wakili aliyekwisha kulipwa.
Lakini penye mteremko kabla ya Soltau mkia ukaanza kucheza,
kidogo, halafu ukanitikisa mimi na fahari yako yote,
mkia ukimtikisa mbwa.
Nikaachia mafuta. Sikugusa breki. Nikangoja.
Kosa langu: mizito niliiweka nyuma.
Kwenye kituo cha mafuta nikalegeza mikanda,
nikaisogeza mizinga miwili mbele ya ekseli,
nimeikumbatia, inanguruma kifuani kama paka mwenye kisirani.

Hapo akaja polisi, kijana, tochi mkononi.
Gari la namna hii, trela la namna ile,
saa nane na robo usiku. Karatasi, mama.

Nikafungua droo yako. Miwani. Peremende.
Pochi nyeusi ya hati, kila kitu kwa tarehe,
na katikati ya bima na risiti za matairi
cheti cha kuendesha na trela, muhuri wa samawati,
jina lako, alama tisini na moja,
Aprili ya mwaka ule
mama alipovunjika nyonga.

Ulijifunza. Ukafaulu.
Hukuja.

Kijana akaniuliza kama nina la kueleza.
Nikamwambia ni nyuki.
Akarudi hatua mbili, akanitakia safari njema.

Sasa kunapambazuka. Nyika nzima ni zambarau, hata ukungu.
Nimechomoa sifongo moja moja.
Wanatoka, wanazunguka mara tatu kuisoma anwani mpya;
mmoja ametua kwenye boneti yako iliyo moto bado
anajipangusa uso.
Trela tupu linarukaruka kama ndama.
Nimetia gia ya nyuma nigeuze,
nalo gari limeanza tena, ti, ti, ti,
kuna kitu nyuma yako,
na Enno alinionyesha kitufe cha kulinyamazisha,
kipo hapa, chini ya kidole.

Acha liseme.